Zadock Magero na Banda la Mianzi la Nyatiti

Wasikilizaji wapendwa, haya nitakayowasimulia nimeyapata kwa Seline Magero, mjane wa marehemu Zadock Magero. Alinisimulia Jumanne iliyopita, siku ya nne baada ya mazishi, tukichambua mboga uani kwake, Asembo Bay. Aliniambia, "Mama, ukienda kusema redioni, sema yote. Usinipambie." Basi sitapamba.

Zadock Magero ametutoka mwezi huu wa Juni, mwaka huu wa 1996, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Wengi wenu mlimjua kama fundi wa viti pale Kisumu, kando ya barabara, viti vya mianzi na matete. Pengine hapo ulipo umekikalia kimoja. Lakini leo sisemi habari za viti. Leo nasema habari za banda. Banda la mianzi alilolijenga mwaka 1988, na siku tatu za mwezi wa Agosti ambazo nusura banda hilo limkoseshe kaka yake.

Zadock alikuwa na kaka mmoja tu, Dalmas. Dalmas ni mkubwa wake kwa miaka saba. Baba yao alifariki mapema, na Dalmas ndiye aliyemlea mdogo wake, tena alimlea kwa nyatiti, kile kinanda chetu cha nyuzi nane. Alikuwa akiitwa matangani na kwenye harusi, kutoka Asembo mpaka Katito. Alichopewa huko, kuku au debe la mtama, alikileta nyumbani. Zadock alikula, akakua. Hakusahau.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo lenye uzito. Kwa sababu ya kuzunguka huko na nyatiti, Dalmas hakujenga boma lake. Alipita miaka hamsini akiwa bado analala kwenye nyumba ya ujana, ndani ya boma la baba. Na kwetu huku, mdogo hamtangulii mkubwa kujenga. Mkubwa kwanza, mdogo baadaye. Kwa hiyo Zadock, mtu mwenye mke na watoto wanne, alikaa chumba cha kupanga mjini, akimsubiri kaka yake. Hakumsukuma. Hakumnung'unikia. Seline anasema, "Mimi ndiye nilikuwa nanung'unika. Yeye alikuwa ananiambia, wacha Mzee atembee."

Mwaka 1986, Jumamosi moja, Dalmas aliitwa kupiga kwenye baa moja pale Kisumu. Waliomtangulia walikuwa vijana wa magitaa ya umeme, na spika zao kubwa kama makabati. Dalmas akaketi kwenye kigoda chake kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile ya kugongea mti wa nyatiti, akaanza. Hakusikika. Meza ya tatu tu hawakumsikia. Mlevi mmoja akapiga kelele, "Mzee! Ongeza volumu!"

Mwenzake akamjibu, "Volumu ataitoa wapi, kwa goti?"

Baa nzima ikacheka. Dalmas alimaliza wimbo wake mpaka mwisho, akafunga nyatiti kwenye shuka, akatoka. Tangu siku ile hakupiga tena mjini. Zadock alikuwepo, aliona yote. Alirudi kwa mkewe, akasukuma sahani. Alisema neno moja tu: "Wamemcheka."

Wasikilizaji, hilo ndilo lililomuuma Zadock miaka miwili. Alitaka kaka yake asikike. Asikike na watu mia mbili, bila spika, bila waya.

Njia aliipatia kwenye benchi. Siku moja Dalmas alipita pale kwenye viti, akaketi mwisho wa benchi jipya la mianzi, akawa anakaza nyuzi. Zadock alikuwa amekalia mwisho wa pili, anafunga miguu ya kiti. Dalmas akagonga na ile pete. Sauti ikapita ndani ya mianzi, ikampanda Zadock mgongoni. Akaruka.

"Piga tena!"

"Nini, omera? Umeumwa na siafu?"

"Piga tena, Owadwa. Nimekusikia kwa matako." Omera na Owadwa, kwetu yote mawili ni ndugu.

Tangu hapo hakutulia. Mimi shule niliiacha darasa la nne, hesabu za duara sizijui, kwa hiyo nawaeleza kama nilivyoelezwa. Zadock alianza na tenga, lile kubwa la kufunikia kuku. Alimkalisha Seline chini, akamfunika na tenga, akawa anazunguka nje akiligonga kwa kijiko.

"Unasikia wapi?"

"Kila mahali!"

"Na hapa?"

"Kila mahali, Zadock. Na jirani yangu ananiangalia. Nitoe."

Kwa hiyo akajua: mtu asikae mbele ya sauti. Mtu akae ndani yake. Akalichora banda lake kama tenga hilo. Mianzi ishirini na minne, mirefu, imesimikwa kwa duara, halafu imepindwa juu ikutane. Chini, sakafu ya mianzi iliyopasuliwa, imeinuliwa kutoka ardhini kiasi cha goti. Chini ya sakafu, mitungi thelathini ya udongo, midomo juu, ili ipokee mlio wa pete na kuurudisha. Mpigaji akae katikati. Watu wamzunguke, na wa nyuma waegemee mianzi yenyewe. Asiyesikia kwa sikio, asikie kwa mgongo.

Mitungi ilitoka Nyakach, ikasafiri na nyasi kama mayai. Mianzi ilitoka juu huko karibu na Maseno, ikalowekwa ziwani wiki sita isije ikaliwa na dumuzi. Mahali palikuwa kiwanja cha soko, Asembo Bay. Walimu na wanafunzi wa Maseno walisikia, wakasema watakuja na lori. Siku ikapangwa: Jumamosi ya tatu ya Agosti.

Kabla ya yote hayo, Zadock alimwendea kaka yake. Dalmas alimsikiliza, halafu akauliza, "Hiyo kitu ni nyumba?"

"Si nyumba, Owadwa. Haina mlango. Ni wazi pande mbili."

"Na juu?"

"Juu hakuna kitu."

Dalmas akasema, "Ikiwa ni banda, nitakuja. Ikiwa ni nyumba, usinione. Mimi sitaketi ndani ya nyumba ya mdogo wangu, watu waniambie amenipita." Alisema hivyo, na Zadock alikubali. Hayo yalikuwa maneno yao wawili.

Sasa twende Alhamisi. Siku mbili kabla. Banda limesimama, limebaki jambo dogo. Zadock alihofia mvua isije ikalowesha ngozi ya nyatiti, kwa hiyo akataka kofia ndogo ya nyasi pale mianzi inapokutana. Akamwita Mzee Dishon. Mzee Dishon ameezeka nyumba Asembo nzima, miaka arobaini. Akapanda ngazi asubuhi, akafanya kazi yake akipiga mluzi. Zadock akaenda ziwani kuazima kamba. Aliporudi saa tisa, akamkuta dada mmoja mchuuzi wa samaki, Rosa, amesimama na karai kichwani, anaangalia juu.

"Hongera, baba!" Rosa akamwambia. "Kumbe ni nyumba!"

Zadock akainua macho. Juu ya kofia ya nyasi, katikati, kilikuwa kimesimama kijiti. Wasikilizaji wa huku kwetu mnakijua. Ni osuri. Kijiti cha kilele, kile kinachosema nyumba hii ina mwanamume, na mwanamume yuko hai. Nyumba ya mtu haimalizwi bila osuri. Na Mzee Dishon, miaka arobaini, hajawahi kumaliza kilele bila kukichomeka.

"Mzee! Nani amekuambia uweke?"

Mzee Dishon akatazama alichokifanya. "Hakuna aliyeniambia," akasema. "Mkono umeenda peke yake."

Halafu akanyoosha mkono akitoe. Akaurudisha. Maana, wapendwa, osuri haing'olewi hivi hivi. Inang'olewa siku moja tu: siku mwenye nyumba amekufa. Ukiiacha, ni nyumba, na Dalmas haji. Ukiing'oa, umemtangaza Zadock maiti.

Rosa hakuwa na nia mbaya. Lakini alikuwa na samaki wa kuuza, na muuza samaki anaongea. Kabla ya jua kuzama, sokoni walikuwa wanamwambia Dalmas usoni, "Mzee, mdogo wako wa viti amekupita kujenga!" Dalmas alimpa Rosa ujumbe mfupi ampelekee Zadock. Ujumbe ulikuwa huu: "Mwambie nimeiona kutoka barabarani."

Basi.

Zadock hakulala. Ijumaa asubuhi alifika kiwanjani, akamkuta Mzee Dishon tayari yuko juu ya ngazi, analia, mkono umeshafika kwenye kijiti. "Kosa ni langu. Wacha niitoe mimi, laana ya chira inipate mimi."

Seline alikuwa chini. Akarukia ngazi, akamshika mzee kifundo cha mguu kwa mikono miwili.

"Shuka, Mzee."

"Niachie, mama."

"Shuka! Ukiing'oa hiyo, umeniua mume. Nitavaa nini kesho? Nitalia matanga ya nani, na huyu hapa amesimama?"

"Kiwanja ni cha soko, si boma ya mtu..."

"Osuri inajua soko?"

Mzee Dishon akashuka. Wote watatu wakakaa chini ya banda. Lori la Maseno lilikuwa linakuja kesho. Watu mia mbili walikuwa wanakuja kesho. Na mtu mmoja ambaye banda lilijengwa kwa ajili yake, hakuwa anakuja.

Zadock aliangalia juu muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Osuri haitatoka. Itabaki ilipo. Sisi tutaliondoa banda chini yake."

Seline alidhani mumewe amechanganyikiwa. Lakini alikuwa na maana. Alitaka kukata kilele chote, kofia na nyasi na mianzi iliyokutana, kishushwe kizima, osuri ikiwa imesimama ndani yake kama ilivyo. Osuri haijang'olewa. Banda halina kilele tena.

Shida ni hii. Mianzi ile imepindwa kwa nguvu. Kilichokuwa kinaishika ni kilele. Ukikata kilele, mianzi ishirini na minne inafyatuka nje kwa pamoja, na aliye karibu inamvunja. Kwa hiyo kwanza wakafunga mshipi mpya chini ya kilele, fungu la fito za mianzi, unene wa paja, limezungushwa kamba ya nailoni ya nyavu. Halafu Zadock akaenda ziwani akaomba wavuvi wanane. Walisimama ndani, katikati ya sakafu, kila mmoja ameshika kamba za mianzi mitatu, anavuta chini.

"Mkisikia mlio, msiachie," Zadock aliwaambia. "Mtu akiachia, mwanzi unaondoka na kichwa cha mwenzake."

Mvuvi mmoja akasema, "Fundi, samaki hawana maneno mengi hivi."

Hakuna aliyecheka. Zadock akapanda na msumeno.

Alikata mmoja mmoja. Kila mwanzi aliukata shibiri moja juu ya fundo, pale unapozibika ndani, maana ukikata kwenye fundo lenyewe unapasuka mpaka chini. Wa kwanza. Wa pili. Kila ukikatika unaruka, kamba inakaza, mvuvi anaguna. Mshipi unalia kama mlango. Seline alikuwa nje, anahesabu kwa vidole. Alipofika wa kumi na saba, kamba moja ikateleza mkononi mwa mvuvi, mwanzi ukafyatuka, ukampiga Zadock begani. Msumeno ukaanguka. Zadock akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye mshipi. Mshipi ukazama. Haukukatika.

"Nipeni msumeno," akasema.

Seline anasema hapo ndipo alifumba macho, na hesabu ikampotea. Alipofumbua, Mzee Dishon alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, kofia ya nyasi imekaa kichwani na mabegani mwake, na juu yake osuri imesimama wima. Hatua moja, anapumua. Hatua nyingine, anapumua. Akafika chini, akapiga magoti, wakaiweka nyasini kando ya kiwanja. Ilisimama.

"Hakuna aliyekufa," akasema Mzee Dishon. Kisha akakaa chini.

Jumamosi. Lori lilifika saa saba. Watu walijaa. Banda lilikuwa limesimama kwa ule mshipi, juu wazi, mbingu inaonekana. Saa nane, hakuna Dalmas. Saa nane na nusu, hakuna. Walimu wanaangalia saa zao. Rosa alikuja akamwambia Zadock, "Nimempelekea habari kwamba kilele kimetoka. Ameuliza tu, nani ameona? Nikasema mimi. Akasema, wewe ndiye uliona na juzi."

Halafu upepo ukaanza kutoka ziwani, kama kawaida yake mchana. Na banda likaanza kulia.

Ulikuwa mlio mzito, wa chini, kama wa ng'ombe mbali. Ukaongezeka. Wanawake waliokuwa ndani wakasimama. Mtu akasema, "Linaanguka!" Zadock akarukia mwanzi wa karibu akautia sikio. Alidhani mshipi unaachia. Uso wake, anasema Seline, ulikuwa wa mtu anayeona watu mia mbili chini ya mianzi na ni yeye aliyewaita. Akasikiliza. Akaenda wa pili. Akasikiliza. Mianzi ilikuwa haitikisiki. Ni zile shibiri alizoziacha juu ya mafundo. Zilikuwa zimekaa kama chupa tupu, na upepo ulikuwa unazipuliza midomo. Ishirini na nne, kila moja na sauti yake.

Dalmas alikuwa barabarani. Alikuwa amekuja na baiskeli, nyatiti imefungwa nyuma, lakini hakutaka kuonekana. Alisimama nyuma ya kibanda cha muuza chai. Aliposikia ule mlio akatoka. Akaja mpaka ukingoni mwa sakafu. Watu wakampisha.

"Nani anapiga hiyo?"

"Hakuna mtu, Owadwa. Ni upepo."

"Usinidanganye. Nani?"

"Ni mianzi. Niliikata jana."

Dalmas akainua kichwa akaangalia juu, mbingu. Akaangalia kushoto, hakuna mlango. Akaangalia ile kofia nyasini na kijiti chake. Zadock alikuwa amesimama, mkono wake mmoja umefungwa kwa leso begani, hapumui.

"Nyumba gani hii," Dalmas akasema, "inayopiga filimbi?"

"Si nyumba."

"Naona si nyumba. Nyumba ingekuwa na adabu." Kisha akasema kwa sauti ya hasira kabisa, "Na huo wa nne kutoka pale umekosea. Sauti yake iko chini. Kwa nini hamkuniita niwakatie?"

Akavua viatu. Akapanda sakafuni. Akafungua shuka, akaketi, akavaa pete. Hakuanza kupiga. Alianza kukaza nyuzi, moja moja, akizifuata sauti za mianzi. Ilichukua muda. Mia mbili hawakukohoa. Halafu akagonga mara moja kwa kidole cha mguu, na mitungi thelathini ikajibu chini yao. Mwalimu mmoja wa Maseno aliyeegemea mwanzi akageuka kuangalia nani amemgusa mgongo.

Alipiga mpaka saa kumi na mbili jioni. Alisikika. Walisikia walio nje, walisikia walio kwenye mitumbwi. Wasikilizaji wapendwa, Dalmas Magero alisikika.

Banda lilisimama miaka sita, mpaka mvua za 1994. Mwaka 1990 Dalmas alijenga boma lake, na mwaka uliofuata Zadock akajenga lake. Mkubwa kwanza, mdogo baadaye.

Kwa niaba yenu nyote, nampa pole Seline, na watoto wake wanne. Nampa pole Mzee Dalmas, aliyeniambia juzi kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye nilipaswa kutangulia hata huku." Mungu awatie nguvu, na familia yote ya Magero. Na wewe unayenisikiliza, leo zima kitu kimoja kinachopiga kelele hapo ulipo. Fikiri: ni nani aliyekulea, na mara ya mwisho ulimnyamazia ili asikike ni lini?

Siku ile uani nilisema nitaishia hapo. Seline akanishika mkono. "Hujamaliza," akasema. "Sema alivyolala."

Basi jioni ile watu walipoondoka, Zadock, ambaye hakuwa amefumba macho siku mbili, aliegemea mwanzi, na usingizi ukamchukua hapo hapo, mdomo wazi. Mzee Dishon akaruka. "Mwamsheni! Aliyejenga akilala humu, itakuwa nyumba!"

"Usimwamshe," Dalmas akasema. Akamshika mdogo wake kwapani, Mzee Dishon akashika miguu, wakambeba kama gunia mpaka nje, wakamlaza kwenye mkeka wa mafunjo, nyasini. Hakushtuka. Mzee Dishon akaaga, akaenda kwake. Dalmas akaketi karibu na kichwa cha Zadock, anagusa uzi mmoja, polepole, kama mtu anayejaribu tu. Kichwa kikamwinama. Mkono ukabaki kwenye uzi. Akalala ameketi.

Seline alifungua leso yake ya mabegani, akawafunika wawili hao mpaka ilipofikia. Akasikiliza kama wanapumua. Kisha akajinyoosha upande wa pili wa mkeka, akageuka, na yeye akalala.